Mwenyeheri Nicolaus Steno na Meno ya Papa Mkubwa

Mwezi Oktoba mwaka 1666 wavuvi walimnasa papa jike mkubwa mno karibu na Livorno, bandari ya nchi ya Toscana huko Italia. Walimvuta hadi ufukweni, wakamfunga kwenye mti, wakampiga marungu mpaka akafa. Uzito wake ulipita tani moja. Habari zilipofika Firenze, mtawala wa Toscana, Ferdinando II wa ukoo wa Medici, aliagiza kichwa kikatwe na kuletwa mjini ili kichunguzwe na daktari kijana kutoka Denmark aliyekuwa mgeni wake. Daktari huyo aliitwa Niels Stensen. Kwa desturi ya wasomi wa zama zile alijiandika kwa Kilatini, Nicolaus Steno, nasi tutamwita hivyo. Alikuwa na umri wa miaka 28, na alikuwa Mluteri. Miaka kumi na mmoja baadaye alikuwa askofu Mkatoliki.

(Lugha yetu imempa samaki huyu jina moja na Khalifa wa Mtume Petro. Kwa kuwa wote wawili wamo katika habari hii, papa hapa ni samaki, na yule wa Roma tutamwita Baba Mtakatifu.)

Tumemchagua Steno kwa sababu ya swali linaloturudia kila mara vijana waliosoma sayansi wanapobisha hodi seminarini: je, nikija huku, yale niliyoyasoma yatapotea? Maisha ya mtu huyu hayajibu swali hilo kirahisi. Kuna kitu alikiacha nusu, na wapo waliomlaumu kwa hilo tangu siku zake.

Alizaliwa Copenhagen tarehe 1 Januari 1638 kwa kalenda iliyotumika kwao wakati huo. Baba yake alikuwa sonara. Mtoto aliugua tangu akiwa na miaka mitatu, akakaa ndani miaka kadhaa, akiwasikiliza watu wazima wakizungumza badala ya kucheza na wenzake. Alipopona, baba akafa. Alipokuwa shuleni tauni ililipiga jiji, na inakumbukwa kwamba wanafunzi wapatao 240 wa shule yake walikufa. Aliingia chuo kikuu mwaka 1656 kusomea udaktari chini ya Thomas Bartholin, na masomo yake yalikatizwa na majeshi ya Uswidi yaliyouzingira mji. Kwa hiyo kijana huyu alikijua kifo mapema. Huenda ndiyo maana baadaye, mbele ya mwili uliolala juu ya meza, mkono wake haukutetemeka.

Mwaka 1660 alikwenda Uholanzi. Huko Amsterdam alinunua kichwa cha kondoo akakipasua peke yake, na kijiti chake cha kuchunguzia kikapenya katika mrija mdogo na kugonga meno. Ulikuwa mrija unaoleta mate mdomoni kutoka kwenye tezi iliyo karibu na sikio. Hakuna aliyekuwa ameueleza kabla yake. Mwalimu aliyekuwa akikaa kwake, Gerard Blasius, alidai kwamba ugunduzi ni wake, na mgogoro ukazuka kwa maandishi. Steno alishinda kwa njia ambayo ikawa tabia yake: alirudi kwenye meza ya kupasulia, akaeleza tezi nyingine za kichwa, za machozi na nyinginezo, kwa usahihi ambao Blasius hakuweza kuufikia. Mrija ule hadi leo madaktari wanauita kwa jina la Steno.

Leiden alisoma pamoja na vijana wenye vipaji vikubwa, na huko alifahamiana na mwanafalsafa Spinoza, ambaye tutakutana naye tena. Aliuchemsha moyo wa ng'ombe, akauchambua nyuzi kwa nyuzi, na kusema kwamba ni msuli na si kitu kingine. Leo hilo ni jambo la mtoto wa sekondari. Wakati ule, moyo ukiwa umehesabiwa kwa karne nyingi kuwa tanuri la joto la mwili na makao ya roho, lilikuwa jambo la kuwatia watu wasiwasi. Mwaka 1665, huko Paris, alisimama mbele ya wasomi kueleza ubongo, akaanza kwa kukiri kwamba kuhusu kiungo hicho hajui lolote la hakika. Kisha akaonyesha kwamba tezi ndogo ambayo Descartes aliifanya kiti cha roho haiwezi kujigeuza namna Descartes alivyodhani. Tunampenda sana Steno wa siku ile. Alikuwa na miaka 27, akawafundisha wakubwa kutofautisha wanachokijua na wanachokidhania.

Huyo ndiye aliyeletewa kichwa cha papa.

Alikipasua mbele ya watu wa mtawala. Alipima, akachora, akashangaa jinsi ubongo ulivyo mdogo ndani ya kichwa kikubwa namna ile. Kisha akayaangalia meno. Safu nyuma ya safu, ya mbele yamesimama, ya nyuma yamelala ndani ya ufizi yakingoja zamu yao, maana papa hung'oka meno na kuota mengine maisha yake yote. Na yale meno yalifanana na kitu ambacho kila daktari wa Ulaya alikuwa nacho kabatini.

Kitu hicho kiliitwa kwa Kigiriki ndimi za mawe. Yalikuwa mawe ya pembe tatu, yanayong'aa, yenye ncha na kingo kali, mengine madogo kama ukucha na mengine makubwa kuliko kiganja cha mtu. Yalichimbwa milimani mbali na bahari, na hasa katika kisiwa cha Malta, ambako meli hazikuondoka bila kubeba machache. Mwandishi wa Kirumi Plinio alikuwa amesimulia kwamba yanaanguka kutoka mbinguni mwezi unapopatwa. Wamalta walikuwa na habari yao nyingine, na hii inatugusa karibu zaidi. Tunasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 28, kwamba Mtume Paulo alipookoka katika ajali ya merikebu na kufika Malta, nyoka alimng'ata mkono naye hakudhurika. Watu wakasema kwamba tangu hapo nyoka wa kisiwani walipoteza sumu, na kwamba mawe yale ni ndimi za nyoka zilizogeuka jiwe. Basi yakawa dawa. Yalitiwa katika kikombe cha divai, yakavaliwa shingoni, yakauzwa kwa bei nzuri kama kinga ya sumu. Wasomi wengine, ambao hawakuamini nyoka wala mwezi, walifundisha kwamba ardhi yenyewe ina nguvu ya kuotesha maumbo ndani ya mwamba, kwa hiyo jiwe laweza kufanana na jino bila kuwa jino.

Steno hakuwa wa kwanza kusema kwamba ni meno ya papa. Mwitalia Fabio Colonna alikuwa ameshaandika hivyo mwaka 1616. Kazi ya Steno ilikuwa kulishughulikia swali kama hakimu anavyoshughulikia kesi. Ikiwa mawe haya yanaota ardhini, alifikiri, mbona yale ya kwenye udongo laini yanaonekana yakimomonyoka, wala hayaonekani yakikua? Kitu kinachokua ndani ya kitu kigumu huminywa na kupinda, kama mzizi wa mti katika ufa wa ukuta. Ndimi za mawe hazikupinda. Zina umbo moja kila mahali, na mwamba ndio uliojifinyanga kuzizunguka. Basi jino lilikuwa gumu kwanza, na mwamba ulikuwa tope. Na tope lile, lenye makombe ya konokono wa baharini kando ya meno, lilikuwa chini ya maji. Na wingi wake? Papa mmoja ana mamia ya meno na huota mengine kila siku, papa hutembea kwa makundi, na mawimbi hukusanya vitu mahali pamoja.

Alichapisha hayo mwaka 1667, mwishoni mwa kitabu chake kuhusu misuli, pamoja na mchoro wa kichwa cha papa na mchoro wa ndimi za mawe. Na hata baada ya hoja zote hizo hakutangaza ushindi. Alisema ameweka tu mbele ya wasomaji ushahidi wa upande mmoja wa kesi. Katika kitabu hichohicho, akieleza papa mwingine mdogo, alitamka pia kwamba wanawake wana ovari zenye mayai, ambazo mpaka wakati huo ziliitwa kwa jina la viungo vya kiume. Kwa mtu mwingine jambo hilo lingetosha kwa maisha mazima.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu Steno alishika mkononi kitu ambacho hakukijua. Mengi ya meno makubwa ya Malta hayakuwa ya papa kama yule wa Livorno. Papa mweupe wa leo, ambaye ndiye aliyenaswa mwaka 1666, akikua sana hufika mita sita hivi, na jino lake halifiki urefu wa kidole cha shahada. Yale makubwa ya Malta yalitoka kwa samaki ambaye Mswisi Louis Agassiz, katika karne ya 19, alimpa jina la megalodoni, yaani jino kubwa. Jino lake laweza kufika sentimita 18. Ni papa mwindaji mkubwa kuliko wote waliowahi kujulikana. Urefu wake kamili unabishaniwa, kwa kuwa mifupa ya papa ni gegedu, nayo huoza. Hubaki meno, na kwa bahati pingili chache za uti wa mgongo. Wengi wanamkadiria kati ya mita 15 na 20, na makadirio ya karibuni yanakwenda juu zaidi. Alikula nyangumi: mifupa ya nyangumi wa kale imepatikana ikiwa na mikato ya meno yake. Aliishi katika bahari karibu zote za dunia kwa muda wa takriban miaka milioni 20, akatoweka miaka kama milioni 3.6 iliyopita, bahari zilipopoa na windo lake kupungua. Huenda papa mweupe, mdogo na mwepesi, alimnyang'anya chakula.

Steno hakujua lolote la hayo. Alidhani jino kubwa ni la papa mkubwa zaidi anayeogelea mahali fulani, na umri wa dunia aliuhesabu kwa maelfu ya miaka kama kila mtu wa wakati wake. Wazo kwamba aina nzima ya mnyama inaweza kutoweka halikukubaliwa na wasomi mpaka zaidi ya karne moja baadaye. Lakini aliyemtambua megalodoni alifika kwake kwa kupitia mlango ambao Steno alikuwa ameufungua, kwamba jino lililo ndani ya jiwe ni jino kweli, la kiumbe kilichoishi kweli.

Aliuliza swali la pili, lililo zito kuliko la kwanza: kitu kigumu kiliingiaje ndani ya kitu kigumu kingine? Alizunguka Toscana kwa miguu, akashuka machimboni, akatazama kuta za mji wa kale wa Volterra zilizojengwa kwa mawe yenye makombe ya bahari. Mwaka 1669 alitoa kijitabu kisichofika kurasa 100. Humo alieleza kwamba tabaka za miamba zilitandikwa moja juu ya nyingine, ya chini ikitangulia. Kwamba zilitandikwa zikiwa bapa, hata kama leo zimeinama. Na kwamba zilienea kila upande mpaka zilipokutana na kizuizi. Alionyesha pia kwamba fuwele za kwazi, ziwe ndogo au kubwa, pembe zake hazibadiliki. Mwanafunzi yeyote wa jiolojia, awe Dodoma au Nairobi, anaanza na kanuni hizo. Steno alikiita kijitabu hicho utangulizi tu. Kitabu chenyewe, aliahidi, kingefuata.

Sasa turudi nyuma miezi michache, mpaka Livorno ileile. Mwezi Juni 1666, kabla ya papa kunaswa, Steno alikuwa katika mji huo siku ya Sherehe ya Mwili wa Kristo. Aliona Ekaristi ikipitishwa barabarani, watu wakipiga magoti. Aliwaza kwamba ama ile ni mkate tu na hao wote ni wajinga, ama ni Mwili wa Kristo kweli, na kama ndivyo, kwa nini yeye haabudu? Aliibeba hoja hiyo zaidi ya mwaka mzima. Alichimba maandiko ya Mababa wa Kanisa, akajifunza lugha za asili za Biblia zaidi, akalinganisha nakala. Mtawa mmoja wa Firenze, Sista Maria Flavia del Nero, na mama mmoja wa ukoo mkubwa wa Lucca, Lavinia Arnolfini, waliongea naye kwa upendo na kumwombea. Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba 1667, aliamua. Tunaona kwamba kichwa cha papa na Ekaristi vilikuwa akilini mwake mwaka huohuo, na hatuoni dalili kwamba kimoja kilimzuia kukitafakari kingine.

Mwaka 1672 mfalme wa Denmark alimwita nyumbani awe mpasuaji wake. Alikwenda, akafundisha, lakini Mkatoliki katika Copenhagen ya siku zile hakuwa na raha, na mwaka 1674 alirudi Firenze. Mwaka 1675 akapewa daraja ya upadre. Miaka miwili baadaye, tarehe 19 Septemba 1677, Kardinali Gregorio Barbarigo alimweka wakfu kuwa askofu huko Roma, naye akatumwa Hannover kuwaangalia Wakatoliki wachache waliotawanyika kaskazini mwa Ulaya.

Mwezi uleule alifanya jambo ambalo sisi tunalisoma kwa uzito. Spinoza alikuwa amefariki mapema mwaka huo. Nakala ya mkono ya kitabu chake kikuu, Ethica, ilifika mikononi mwa Steno, naye akaikabidhi kwa Baraza lililosimamia mafundisho ya imani pamoja na malalamiko yake dhidi ya falsafa ile. Aliamini anazilinda roho za watu. Hata hivyo alikuwa mtu waliyefahamiana ujanani, na wapo miongoni mwetu wanaotamani angebishana naye kwa kitabu kama alivyofanya na Blasius. Yako maajabu kidogo katika mwisho wake: nakala hiyo ilitunzwa, na wasomi wa siku zetu wameikuta katika Maktaba ya Vatikani. Ni nakala pekee ya mkono ya kitabu hicho inayojulikana.

Huko Hannover alikutana na Leibniz, mwanahisabati, aliyemheshimu sana kwa kazi yake ya miamba na akasikitika baadaye kwamba mwanasayansi mkubwa amegeuka kuwa mwanateolojia wa kawaida. Lawama hiyo ina ukweli. Maandishi ya Steno ya kiteolojia hayasomwi sana leo. Kijitabu chake cha mwaka 1669 bado kinasomwa. Ila Leibniz alipima vitabu, na kazi ya Steno kaskazini haikuwa ya vitabu. Mwaka 1680 alihamishiwa Münster kuwa askofu msaidizi. Alitembelea parokia, mara nyingi kwa miguu, na kuwapima kwa ukali waliotaka upadre. Aliyeonekana anautafuta kwa ajili ya mshahara tu alirudishwa. Mwaka 1683 askofu wa jimbo alifariki, na fedha ziliingia katika uchaguzi wa mrithi wake. Steno alikataa kushiriki usimoni ule. Aliondoka Münster, akaacha cheo na riziki, akaenda Hamburg, ambako Wakatoliki walikuwa wachache na si wote waliomtaka.

Miaka yake ya mwisho inasikitisha kuisoma. Aliuza pete na msalaba wake wa kiaskofu awape maskini. Alivaa joho lililochakaa, alifunga mara nyingi kuliko mwili wake ulivyoweza kuvumilia, akakonda. Wengine wanauona huo kuwa utakatifu mtupu. Sisi tungependa kusema, kwa heshima, kwamba daktari aliyeijua misuli na moyo namna ile angeweza kuuhurumia zaidi mwili wake mwenyewe. Alitamani kurudi Italia, lakini mwaka 1685 aliombwa kuwahudumia Wakatoliki wachache wa Schwerin, akakubali. Huko alikaa kama padre wa kawaida. Tumbo lilimuuma vibaya kwa siku kadhaa, na tarehe 25 Novemba 1686, kwa kalenda ya zamani, akafariki. Alikuwa na miaka 48. Mali aliyoacha haikuwa zaidi ya nguo chache zilizochakaa.

Cosimo III, mwana wa yule mtawala aliyeagiza kichwa cha papa, aliomba mwili wake uletwe Firenze. Ulizikwa katika Basilika la San Lorenzo, kanisa la ukoo wa Medici, na upo huko mpaka leo. Tarehe 23 Oktoba 1988 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenyeheri.

Kitabu kikubwa kuhusu miamba, kile alichoahidi mwaka 1669, hakikuchapishwa kamwe.